Maji ya Plamu ya Mama Mkwe

Mwezi wa tatu Pil-lye alitolewa damu kwenye zahanati ya kijiji, na nesi Ryu akamwambia kwamba kisukari hana bado, ila amesimama mlangoni pake na mkono ameshauweka kwenye kitasa. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilisoma sita nukta mbili. Kikifika sita nukta tano, ameingia ndani.

Kuingia ndani hakukumtisha sana. Aliyemtisha ni mwanawe, Tae-guk, anayekaa Daegu ghorofa ya kumi na saba. Baba yake aliondoka kwa sukari, miguu ikitangulia kukatwa, na kijana hajasahau. Alikuja Jumamosi, akabeba kahawa zote za pakiti na mikate yote ya mchele iliyokuwa kwenye friji, halafu akapigilia ukutani, juu ya meza ya jikoni, kamera ndogo inayoona, inayosikia na, kwa bahati mbaya, inayosema kwa sauti yake. Kisha akatoa hukumu. Ikifika sita nukta tano, mama anahamia Daegu akaangaliwe, na shamba la pilipili linauzwa. Alipofika kwenye gari, mbali na masikio ya bibi yake, akaongeza kwamba bibi naye atatafutiwa nyumba ya wazee, maana kule ghorofani vyumba ni viwili tu.

Bibi huyo ndiye mama mkwe wa Pil-lye, mwenye miaka tisini na moja, mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka kabisa. Kijiji kizima humwita Hadong, kwa jina la huko alikotoka alipoolewa. Wajane hao wawili wanakaa pamoja mwaka wa arobaini na nne sasa, na katika miaka yote hiyo Pil-lye amembishia mara moja tu. Bado anakumbushwa.

Basi akaanza kula upya, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Wali mweupe akauacha, akapika shayiri, kitu alichoapa siku ya harusi yake kwamba hakitamgusa tena mdomo, kwa jinsi alivyokila utotoni kila masika mchele ulipokwisha. Akala mboga kwanza, halafu samaki, na ile shayiri mwishoni, vijiko vitano. Baada ya kula akazunguka shamba mara tatu, jua liwake au mvua inyeshe. Kwenye ukumbi wa wazee, wenzake waliokuwa wakicheza karata walifunika sahani zao wakimwona anaingia, utadhani amekuja askari. Na nyumbani, akinyoosha mkono tu, ukuta unasema.

"Mama, hicho kipande cha pea ni cha pili."

"Ni cha kwanza. Cha pili kala bibi yako."

"Nimekuona, mama."

Mwezi wa sita akapimwa tena. Sita nukta nne.

Hakuna aliyemwamini kwamba ameshika masharti. Nesi Ryu alimtazama kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha amua kwamba umeiba. Tae-guk alirudisha picha za kamera wiki mbili nyuma akimtafuta mwizi, asimpate, akazidi kushuku. Hadong alisema kwa sauti ya kusikika ukutani kwamba huyu, tangu aje kuolewa, mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye chungu cha asali.

Nesi akamwazima kimashine cha kupimia nyumbani, ajichome kidole kabla ya kula na baadaye, aandike. Pil-lye akajichoma mpaka vidole vikawa kama chujio. Kila baada ya kifungua kinywa mashine ilisoma mia na tisini, mia na tisini na tano. Hapo katikati Hadong akaenda kwao siku tatu kwenye mazishi ya mpwa wake. Siku hizo tatu mashine ikasoma mia na thelathini, mia na thelathini na mbili, mia na ishirini na nane.

Pil-lye akakaa na daftari. Shayiri ni ile ile. Mboga ni zile zile. Kilichopungua mezani ni mtu wa kukaa mbele yake kumngojea amalize kikombe.

Kikombe chenyewe kilikuwa cha maji ya plamu. Kila mwaka Hadong huchuma plamu mbichi kilo kumi, akazichanganya na sukari kilo kumi, akafunika mtungi siku mia. Yeye husema, na wanawake wote wa kijiji husema, kwamba siku mia zikipita sukari haipo tena, imegeuka dawa. Dawa ya tumbo, ya kikohozi, ya uchovu, na mwaka huu ikawa dawa ya kisukari pia. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akimnywesha mkwewe kikombe kikubwa kila asubuhi, mbali na vijiko anavyomimina kwenye mboga. Kamera iliona yote. Tae-guk mwenyewe alikuwa akihimiza, mama, maliza dawa.

Pil-lye alikwenda kumuuliza nesi kama sukari ya mtungini huenda mahali. Nesi akasema haiendi popote, akacheka, akaacha alipoona mwenzake hacheki.

Sasa aseme kwa nani? Akimwambia Tae-guk, mitungi itamwagwa mtaroni siku hiyo hiyo, na mitungi ndiyo kazi pekee iliyombakia yule bikizee. Akimwambia mama mkwe, ni kama kumwambia ardhi isogee. Na nisifiche, aliwaza pia kunyamaza na kuendelea kunywa, ili ajuza aende zake huko nyumba ya wazee. Aliwaza hivyo kwa muda wa kukata kitunguu kimoja. Kisha akakumbuka ghorofa ya kumi na saba.

Akasema uani, penye mitungi, ambako kamera haifiki.

"Mama, kikombe chako ndicho kinachonipandisha."

Hadong hakukasirika. "Leta hiyo mashine," akasema, akanyoosha kidole. Alikuwa ametoka kunywa kikombe chake muda si mrefu. Mashine ikasoma mia moja na mbili.

"Miaka sitini nakunywa," akasema. "Mgonjwa ni mtungi au ni wewe?"

Kesho yake kikombe kililetwa kimejaa mpaka ukingoni. Pil-lye akanywa, huyu anamtazama mbele na yule anamtazama kutoka ukutani. Siku iliyofuata alijaribu kuyaficha shavuni akayateme nje, lakini kila akiinuka Hadong alimuuliza swali.

Wiki ya tatu Tae-guk akasema kutoka ukutani, akidhani bibi yuko shambani. Alikuwa amempatia bibi nafasi, mahali safi, pana televisheni. Fomu inangoja kipimo cha mwezi wa tisa tu. Hadong alikuwa amechuchumaa kando ya friji, kamera isipomwona, akimenya vitunguu saumu. Pil-lye aliona mikono yake ikisimama. Kisha ikaendelea, mpaka karai likaisha.

Asubuhi kikombe kikaja kama kawaida, kinafuka mvuke, rangi ile ile ya kahawia. Hadong akakaa mbele yake, kidevu mkononi.

"Kunywa. Usibakize."

Pil-lye alikunja uso kabisa kabla ya kumeza, akiungojea ule utamu. Ilikuwa chai ya shayiri, kavu, haina chochote. Akamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anatazama ukuta.

"Ikoje?"

"Tamu, Mama."

"Ndiyo dawa hiyo."

Mwezi wa tisa kipimo kikasoma sita nukta moja. Tae-guk alifurahi mpaka sauti yake ukutani ikakwaruza. Akamsifu bibi na mikono yake, akasema fomu ameichana, na kamera ataiacha hapo hapo daima kwa kuwa imesaidia. Na kwa vile dawa imeonyesha kazi, kuanzia leo mama anywe viwili, asubuhi na jioni, yeye mwenyewe atakuwa anatazama.

Hadong aliinuka polepole, akabandika birika. Pil-lye akavuta kiti chake, akakaa, akangoja aletewe.