Saa Mkononi mwa Mzee Ranjan

Saa 1:52 asubuhi, Teresia alivua saa janja yake jikoni kwa Mzee Ranjan, ghorofa ya tatu, Edmonton. Kampuni yake ya kuhudumia wazee majumbani hairuhusu mhudumu kuvaa chochote chini ya kiwiko. Hivyo saa aliyonunuliwa na bintiye Lorraine ili impime moyo akiwa kazini ilimpima akiwa amelala tu. Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya kuirudisha dukani.

"Leta hapa," alisema Mzee Ranjan, akinyoosha mkono kama kila asubuhi. Alikuwa fundi saa Nakuru kwa miaka thelathini. "Usije ukaisahau tena kwenye bafu la watu."

Teresia alimfungia mkanda, akarudi kwenye uji.

"Umeamua?"

"Nairudisha. Hainisaidii kitu."

"Saa zangu zilitaja saa, basi. Hii ni mmbea."

Saa 2:09 simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni: mapigo ya moyo yamekuwa juu ya 120 kwa dakika kumi zilizopita, na mvaaji ametulia.

Teresia alicheka. "Ona uongo huu, mzee! Eti nimetulia. Tangu alfajiri sijakalia hata kiti cha basi."

Kisha akautazama mkono wa mzee. Alizima jiko, akamshika mkono wa pili, akahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani. Mapigo 134, tena yakiruka.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mama Lorraine? Nimezeeka. Kila kitu kinagonga."

Teresia alipiga simu ya dharura. Saa 2:22 programu ya kazi iliifunga ziara yenyewe, kwa kuwa dakika thelathini alizopangiwa zilikuwa zimekwisha. Saa 2:24 Jeff, mpangaji wa zamu, alimpigia simu.

"Tess, bado uko kwa Ranjan? Yule mama wa ziara yako ya pili ananipigia kila dakika."

"Siwezi kumwacha. Ambulensi inakuja. Ni moyo."

"Umejuaje?"

"Saa yangu. Nilimvalisha."

"Ai, Tess. Kumvalisha mteja kifaa chako ni marufuku. Usiandike hiyo. Andika umehesabu kwa vidole, imeisha."

"Watu wa ambulensi watauliza ilianza saa ngapi. Vidole havijui. Saa inajua."

"Ofisi itaona."

"Wacha ione."

Katika daftari la ziara aliandika kwamba saa 1:53 alimvalisha mteja saa yake, na kwamba saa 1:59 mapigo yalipanda. Akaweka jina na sahihi, akapiga picha ya ukurasa na kuituma ofisini kama kila ziara.

Ambulensi ilifika saa 3:05. Mhudumu wa ambulensi alisoma daftari, akalinganisha na simu ya Teresia, akanakili 1:59 kwenye fomu. Lifti ilikuwa mbovu. Walimshusha mzee kwa kiti, kidato baada ya kidato. Kwenye mlango wa gari mzee alianza kufungua mkanda wa saa.

"Chukua mali yako. Kesho dukani."

"Kaa nayo. Utanirudishia wewe mwenyewe. Na usiifungue ndani."

"Nitachungulia tu," alisema fundi.

Gari liliondoka saa 3:18. Saa 3:21 simu ya Teresia ilipokea ujumbe wa ofisi: zamu zako zote zimesitishwa hadi uchunguzi ukamilike. Aliusoma mara mbili, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akaosha sufuria ya uji.