Patasi za Mutie

Mume wangu Mutie ni mbishi, na siku aliponiomba msaada alifunga mlango kwanza. Alikuwa ameteleza kwenye matope ya mtaa wa Gatina mwaka wa tisini na tatu, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini kifundo kilikataa kuzunguka. Kuchonga aliweza. Kunoa patasi zake za mdomo wa mviringo hakuweza, na patasi butu hupasua mti. Wenzake kwenye banda la vinyago wangejua, wangemtoa kwenye kuchonga, wampe kazi ya kupiga msasa mpaka azeeke.

Nilijiona fundi. Si nimenoa visu maisha yangu yote? Nikaikandamiza patasi ya kwanza kwenye jiwe, nikaisukuma mbele na nyuma. Mutie akaiinua dirishani. Mdomo ulikuwa umelika katikati, zikabaki pembe mbili.

"Mama Duncan, hii si kisu ya sukuma. Umeing'oa meno."

"Basi noa wewe."

Nikajuta papo hapo. Akaja nyuma yangu, akanishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akauzungusha polepole, pembe hadi pembe, ili mdomo wote upite kwenye jiwe.

"Skiza sauti. Ikibadilika, ujue umeinua."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na hajawahi kunishika mkono muda mrefu hivyo. Nilijifanya sijaelewa jioni mbili zaidi.

Mwezi ulipoisha nilimpelekea bandani muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Kavoi, mkubwa wa wachongaji, alikuwa ameazima patasi ya Mutie, anachonga shingo ya twiga. Mti ulikuwa unatoka laini, bila ufa.

"Mutie, mkono yako imepona kabisa. Hata zamani hukuwa unanoa hivi."

Nikamkazia mume wangu macho anyamaze.

"Si mimi," Mutie akasema, na banda zima likasikia. "Mkono yangu haizunguki tena. Hizi ananoa bibi yangu. Huyu hapa."

Nyundo zikatulia. Mwezi mzima nimechubuka vidole kwa siri, na mwanamume anaimwaga hivihivi! Nilitaka kumgombeza mbele ya watu, lakini kwa kweli sijawahi kumpenda kama wakati ule.

Kavoi aliigeuza patasi mara mbili, akamsukumia Mutie twiga.

"Basi maliza hii shingo."

Nikampakulia mume wangu muthokoi, nikajaza sahani mpaka ikamwagika.