Pongo wa Siku ya Mwisho

Nafumba macho kidogo tu, gobore nimelilaza mapajani, kwa sababu leo msimu wa uwindaji unafungwa na mtu wa siku ya mwisho halali usingizi, anapumzisha kope. Wa Mbele, jipumzishe, ameniambia mdogo wangu Kiyungi, mimi nakwenda mtoni na dumu. Wa Mbele ndiyo mimi, yeye ni Wa Nyuma. Kwetu ukishashika bunduki jina unaliacha, maana pori likilisikia linaficha nyama, na anayemwita mwenzake kwa jina amefunga uwindaji, mnakunja turubai mnarudi nyumbani. Nyumbani baba amekataa uji. Anasema kitakachopita kooni mwake ni maini ya pongo tu, yaliyobanikwa juu ya makaa kama alivyokuwa akibanika mwenyewe enzi zake, na mimi naogopa, nasema wazi, naogopa hatafika msimu mwingine. Kope zinagusana, mti nilioegemea unafunguka kama mlango wa ghala, naangukia ndani kwa mgongo.

Ndani ni pori lilelile, ila limejaa njia. Hili ni pori la wazi, kila mwenye kibali anaingia, na mwaka huu wameingia wote, mpaka wale wa mjini wanaokuja na redio na viti vya kukunja kama wanakwenda harusini, na sasa kila mguu uliopita umeacha njia yake na njia zote zinatembea. Nakanyaga moja, inanigeuza. Nakanyaga nyingine, inanitangulia, inanisubiri mbele, inakatika. Nafika kambini kwetu, turubai la bluu, sufuria jeusi, pikipiki imeegemea mti wa kulia. Napita bila kusimama, nafika tena kambini kwetu, turubai lilelile, lakini pikipiki imeegemea mti wa kushoto na kovu la mkono wangu limehamia mkono wa pili. Moto umezungukwa na wawindaji, na hakuna hata mmoja mwenye uso, ni ngozi tupu kuanzia paji hadi kidevu. Waliacha majina, naona wameacha na nyuso.

Mmoja anainuka. Shikamoo, namwambia, maana umri wake siujui. Marahaba, Wa Mbele, umechelewa kufika ulipoanzia. Namuuliza pongo wako wapi, msimu mzima sijaona hata mkia. Amelala pale msipopatazama. Wapi huko? Pale mnapokaa. Nashikwa na hasira. Mzee, sema kitu kinachoeleweka, baba yangu anakufa. Anatembea, namfuata, na kila nikiharakisha mgongo wake unabaki palepale. Mmempigia kelele mbali kote, anasema, basi yeye amejifunza ukaribu, na ujue unachokitafuta na unachokiogopa vimelala kwenye mstari mmoja. Anaonyesha chini. Kwato mbichi, zimekanyaga juu ya alama ya kiatu changu mwenyewe, zinarudi kambini, zinapita nyuma ya turubai. Nainua gobore na macho yanafumbuka.

Gobore liko begani kweli. Jua limeshuka, linanipiga usoni. Na pale kichakani nyuma ya pikipiki, tunapomwaga maji ya vyombo kila siku, pongo dume amelala, sikio linacheza, madoa meupe yanaonekana ubavuni. Alikuwa hapa siku zote. Kidole kiko kwenye kifyatuo, naona maini juu ya makaa, naona baba akitafuna. Ndipo nyuma yake majani yanatikisika. Mto uko upande huu au ule? Pikipiki iliegemea mti gani asubuhi? Kovu sioni, mikono yote imeshika bunduki. Kama hii ni ndoto, risasi haimuumizi mtu. Kama nimeamka, Kiyungi anatoka mtoni, na sweta lake ni la kahawia. Nikikohoa pongo anakwenda. Nikinyamaza sijui. Wale wa kule hawana majina, mwenye jina ni mmoja tu.

Kiyungi!

Pongo anaruka mara moja tu, kichaka kinammeza. Nyuma yake, palepale risasi ingepita, anainuka mtu na dumu mkononi. Umeniita jina, kaka? Leo? Baba tutamwambia nini? Nalia, sijui nalilia maini au namlilia yeye. Sauti ni yake, sweta ni lake. Njoo, namwambia, weka dumu, njoo huku nikuone. Anakuja polepole kati ya moto na pikipiki, jua liko mgongoni mwake na usoni ni giza tupu. Nimelishika gobore kwa nguvu, nangojea aingie kivulini nione kama ana uso.