Jino Moja Lililogoma

Pale mapokezi ya hoteli wenzake walimpa jina la Kufuli, na jina likamganda. Hakuwa mkali wala mwenye maringo. Wageni wa mara kwa mara aliwatambua kwa sauti tu kwenye simu, alikumbuka nani hataki chumba cha karibu na lifti, na mtu aliyefika kaunta amefura kwa hasira alipanda ghorofani amepoa. Ila alikuwa akitabasamu midomo ikiwa imefumbwa. Miaka tisa ameikalia kaunta ile, na hakuna mwenzake aliyewahi kuyaona meno yake yote kwa pamoja.

Akaja meneja mpya. Wiki yake ya pili alitangaza kwamba picha za wafanyakazi wa mapokezi zitatundikwa ukutani, mkabala na mlango, kila mmoja akicheka. Mpiga picha angekuja baada ya siku kumi. Meneja alipofika kwa Kufuli alisita kidogo, kisha akamwambia, kwa upole uliomuudhi kuliko ukali, kwamba siku hizi wapo wataalamu wa kung'arisha meno, saa moja tu kazi imekwisha, asione haya.

Kufuli aliitikia, akaenda chooni kujitazama kwenye kioo. Meno yake yalikuwa yamefifia na kuwa manjano, kazi ya vikombe sita vya chai kila siku tangu ujana. Hilo halikumsumbua sana. Lililomsumbua ni jino la mbele, la juu, upande wa kushoto. Lile halikuwa lake. Lilikuwa la bandia, limevikwa juu ya kisiki cha jino lililovunjika alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, na aliyelitengeneza alilifananisha rangi na wenzake kiasi kwamba hata mumewe, baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa, hakuwa na habari.

Aliyejua ni mama yake peke yake, na mama ndiye aliyemkataza kusema. Jino lile lilivunjwa na ngumi ya mchumba wake wa kwanza, sebuleni, kwa sababu ya simu aliyochelewa kupokea. Alimwacha mtu yule wiki ileile, na watu wakaambiwa aliteleza kwenye ngazi. Mama alimpeleka kuvikwa jino jipya, na walipokuwa wakirudi akamwambia, "Ukiolewa, usimwambie mumeo. Akishajua kuna mtu aliwahi kukupiga, na yeye mkono utamwasha." Kufuli aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika masharti ya dawa.

Angekwenda kwa daktari wa meno peke yake, mambo yangekuwa mengine. Lakini wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alizipata habari na akasema hawezi kumwacha aende mwenyewe. Wifi alikuwa mwema, tatizo mdomo wake haukuwa na breki. Siku ya uchunguzi aliingia naye mpaka ndani, akakalia kigoda cha pembeni, mkoba mapajani, masikio wazi.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono mitulivu. Aliuliza kuhusu mzio, kuhusu meno kufa ganzi kwa maji baridi, kisha akauliza, "Una jino lolote la bandia hapa mbele, dada?"

"Hakuna."

Daktari alimulika tena, akaligonga jino lile kidogo kwa ncha ya chuma. Akalirudia swali kwa sauti ya chini zaidi, akieleza kwamba dawa hung'arisha jino la asili tu. La bandia hubaki na rangi yake, hata ulipake mara mia.

"Meno yote ni yake, daktari," wifi alidakia kutoka kwenye kigoda chake. "Kwao ukoo mzima wana meno imara."

Daktari alimtazama Kufuli. Kufuli aliitazama taa. Kisha akatia sahihi fomu.

Alipanga kumpigia simu daktari kabla ya siku ya kazi yenyewe. Lakini kila aliposhika simu aliingia mgeni, au mwenzake alisogea karibu, au moyo wenyewe ulisinyaa. Mwisho akajidanganya kwamba madaktari hupenda kutia chumvi.

Siku ya tano alilazwa kwenye kiti. Walimwekea plastiki ya kuifungua midomo, wakazikinga fizi kwa utomvu ulioganda kama gundi, wakampaka jeli ya baridi na kumwelekezea taa ya buluu. Robo saa, wakaifuta, wakapaka upya. Mara tatu. Katika awamu ya mwisho meno yalianza kuchoma ghafla ghafla, kama waya wenye umeme unaoguswa na kuachwa. Alivumilia, ngumi amezikunja juu ya tumbo.

Walipomletea kioo alijua kabla hajakitazama, kwa jinsi muuguzi alivyokwepa macho yake. Meno yalikuwa meupe kweli, meupe ya kupendeza. Na katikati yao lile moja lilikaa na umanjano wake, kama kigae cha zamani kilichosahauliwa katika bafu lililokarabatiwa.

"Nilikuuliza, dada," daktari alisema.

"Najua."

Hakumgombeza, na hilo lilimkera zaidi. Alimpa karatasi ya masharti: siku mbili asinywe chai wala kahawa, asile chochote ambacho kingeacha doa kwenye shati jeupe. Kuhusu lile jino alitaka kuongea naye, lakini Kufuli alikuwa ameshasimama anatafuta viatu.

Wifi alikuwa akingoja ukumbini. Alimshika kidevu, akamgeuza upande wa dirisha.

"Hilo moja mbona limegoma?"

"Litafuata. Linachelewa tu."

Kabla hawajafika barabarani wifi alikuwa ameshapanga kurudi Jumatatu kumwashia moto daktari, na amekariri mpaka maneno. Kufuli alitembea ameufumba mdomo.

Kesho yake, akiwa jikoni, alipata wazo ambalo lilionekana la maana kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa. Ikiwa lile moja haliwezi kuwafuata wenzake, basi wenzake walirudie. Alichemsha chai ya rangi nzito kama wino, bila sukari, akaiweka mdomoni na kuishikilia. Maumivu yaliyompanda yalifika hadi sikioni. Akameza, akapumzika, akachukua funda jingine. Alikunywa hivyo kutwa nzima, kazini akaendelea kwa chupa aliyoifunika kwa kitambaa, na aliyemuuliza kwa nini amevaa barakoa aliambiwa mafua. Siku ya pili jioni moyo ulikuwa ukimwenda mbio kwa chai, na kioo kikamwonyesha alichovuna. Karibu na fizi meno yalikuwa yameshika doa, ncha zimebaki nyeupe, na lile la bandia liko vilevile. Sasa alikuwa na rangi tatu. Alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akacheka kidogo bila furaha, halafu machozi yakamtoka kwa hasira.

Alirudi kwa daktari peke yake, bila kumwambia mtu. Daktari alimfungua mdomo, akamulika.

"Umekunywa nini?"

"Chai."

"Kiasi gani?"

"Nyingi."

Daktari aliweka kioo chake chini. Madoa yale, alisema, angeyasafisha siku hiyohiyo. Lakini jino jipya haliwezi kutengenezwa mpaka rangi ya wenzake itulie, na kutulia huchukua wiki mbili. Picha ilikuwa imebakiza siku tatu. Kufuli akauliza kama hakuna njia ya mkato.

"Njia ya mkato uliipita siku ile nilipokuuliza," daktari alisema, kisha akaona amemuumiza, akalainisha sauti. Alitaka kujua jino lilivunjika vipi, kwa sababu lazima ajue mzizi ulipata pigo la namna gani.

Kigoda cha pembeni kilikuwa kitupu. "Nilipigwa ngumi," Kufuli alisema.

Daktari aliuliza ni miaka mingapi iliyopita, akaandika, akaendelea kuandaa vifaa vyake. Basi. Kufuli alikuwa ametarajia dari limwangukie. Miaka kumi na mitano amekilinda kitu ambacho kimeenea katika mstari mmoja wa faili, na wazo hilo halikumpa nafuu. Lilimpandisha hasira upya.

Jumamosi mchana mumewe alirudi kutoka kazini. Alikuwa fundi wa lifti, na kila siku aliporudi alianza kwa kunawa grisi mikononi. Siku hiyo alitoka kunawa ameshika taulo, akasema dada yake amempigia simu, kwamba daktari ameharibu kazi na Jumatatu wanakwenda kudai haki.

"Daktari hana kosa," Kufuli alisema. Alikuwa akikunja nguo kitandani, akaendelea kuzikunja. "Jino ni la bandia. Nilimdanganya."

Akamweleza yote, ngumi, mama, ngazi ambazo hakuwahi kuteleza. Mumewe alisikiliza amesimama, taulo mkononi. Aliuliza ni nani. Akajibiwa kwamba hamjui na hana haja ya kumjua.

"Na mimi hukuniambia kwa sababu gani hasa?"

Akamrudia maneno ya mama yake, neno kwa neno.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unasubiri nikupige?"

Kufuli aliliweka chini shati alilokuwa amelishika. Angeweza kusema hapana, ingekuwa rahisi. "Mwanzoni, ndiyo."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikawa nimezoea kuficha tu."

Mumewe aliitundika taulo, akatoka nje, akasimama barazani na mgongo wake mpana ameuelekeza dirishani. Aliporudi alikula chakula chake bila kuongea. Kufuli alikuwa amedhani kwamba siku akiusema ukweli ataona mzigo umeshuka. Badala yake alipata mwanamume aliyenuna nyumba nzima, anayeongea mambo ya lazima tu, chumvi iko wapi, mlango umefungwa. Alishindwa kujua hasira ile ni kwa nani, kwa mama, kwa yule mtu asiyemjua, au kwake yeye. Siku ya kwanza alimpa nafasi, ya pili akachoka naye na kuanza kununa pia.

Ila Jumatatu asubuhi alimsikia akiongea kwenye simu na dada yake. "Dada, liache jino la mke wangu," alisema. "Sitaki kulisikia tena." Katika maisha yake yote hakuwahi kumpandishia dada yake sauti. Jioni yake walikaa meza moja, na yeye ndiye aliyeanza kusimulia habari za lifti iliyokwama na mtu ndani.

Siku ya picha Kufuli alimweleza meneja wazi, jino ni la bandia, ampe wiki tatu. Meneja alisema mpiga picha hawezi kurudi. "Cheka tu. Atarekebisha kwenye kompyuta." Kufuli alifungua mdomo kwa hasira, akatoa meno yote nje, na mpiga picha akafurahi. Picha ilipotundikwa meno yalikuwa meupe kama karatasi, na walikuwa wamemrekebisha hata kidevu bila kuulizwa. Wageni waliisifu. Aliomba itolewe, meneja akasema ndiyo nzuri kuliko zote. Ikabidi aitazame saa nane kwa siku, mwanamke yule asiyemfahamu akimchekea.

Jino jipya lilivikwa wiki ya nne. Mumewe aliomba ruhusa kazini akaenda naye, na siku ya kuchagua rangi yeye na daktari walibishana dirishani juu ya vipande viwili vya mfano wa rangi ambavyo Kufuli, mdomo wazi, hakuona tofauti yake. Akanyoosha kidole kuonyesha kimojawapo, mabishano yakaisha. Jino lilikaa vizuri. Maji baridi yaliendelea kumchoma kwa siku kadhaa, kisha yakaacha.

Jambo lililobaki lilikuwa mama. Alimpigia simu Ijumaa, akamwambia mumewe ameshajua.

Mama aliuliza, "Amesemaje?"

"Aliumia."

"Lakini hajafanya kitu?"

"Hajafanya kitu, mama. Miaka kumi na miwili hajafanya kitu."

"Haya, basi. Mungu mkubwa," mama alisema, na papo hapo akaingia kwenye habari za mguu wake unaovimba na dawa zisizomsaidia. Kufuli aliishika simu kwa nguvu. Alitaka kugombana, ana maneno tele kifuani, lakini sauti ile ilikuwa ya mtu mzima anayeumwa, na hakuona pa kuanzia. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jumapili nakuja," alisema. "Tutakaa tuongee."

Mama akamwambia aje mapema, kabla jua halijawa kali.