Kisiwa Kilichopakwa Rangi ya Viatu

Kavutha alirudi karakana ya baba yake mtaani Umoja saa tatu asubuhi, michoro kwapani, akakuta mzee amemharibia kazi ya miezi minne.

Mzee Muthama amechonga vinyago tangu ujana, na kwake kitu hakitoki karakana bila kupigwa msasa na kung'arishwa kwa rangi ya viatu. Binti yake, msanii na msanifu majengo, alikuwa amechonga mfano wa kisiwa kizima kutoka gogo moja la jakaranda, na nyumba kumi na mbili za wageni alizopanga kujenga huko akazipaka nyeupe zionekane. Sasa kisiwa chote kilikuwa cheusi, kinameta. Nyumba hazionekani.

"Baba, wenye kisiwa wanafika saa nne."

"Basi watakuta kazi imekamilika. Ungewapa kitu kina mabaka?"

Kampuni nyingine ilitaka kulipua miamba ya kisiwa hicho cha Ziwa Viktoria, ikisawazishe, ipange maghorofa. Leo wakazi wangeamua nani apewe kazi. Kavutha alitia kidole mate, akafuta paa moja. Wapi, weusi haukutoka.

Mama Nabiswa, mwenyekiti wa wakazi wa kisiwa, alipofika hakutaka hata chai. Alivaa miwani, akainama.

"Mwamba huu naujua. Hapa ndipo mama yangu alianika dagaa wa omena." Kisha akauliza, "Lakini nyumba ziko wapi?"

Mzee Muthama alikohoa, akatafuta pa kutazama. Kavutha alifungua mdomo aombe radhi, jicho lake likakiangukia kisiwa chake mwenyewe. Kila paa lilifuata mgongo wa mwamba wake, kwani alichonga alivyofundishwa na baba yake humu humu karakanani: ukikuta fundo kwenye mti, unalizunguka, hupigani nalo. Ile rangi nyeupe ilikuwa woga wake tu kwamba nyumba hazitaonekana.

"Fumba macho, mama," alisema. "Zitafute kwa vidole."

Vidole vya Mama Nabiswa vilipanda mwamba, vikagusa mlango, vikateremka, vikagusa mwingine. Alihesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili.

"Wale wa kampuni nyingine walituletea mfano wa majumba tu," alisema, machozi yakimlenga. "Mwamba wa mama yangu haukuwapo. Njoo utujengee, mwanangu. Hivi hivi."

Kavutha alicheka na kulia kwa pamoja, wala hakuona haya. Mzee Muthama, maringo yamemrudia yote, alishachukua kitambaa chake.

"Upande wa ufukweni nilikuwa sijamaliza," alisema.

Kavutha alifungua kopo la rangi ya viatu, akamshikia.