Migomba ya Salvina

Maji yalifika asubuhi yakiwa membamba kama kamba ya ng'ombe, yakisukuma mbele yake majani makavu na povu la kahawia. Kornel aliyasikia kabla ya kuyaona. Alikuwa amesimama pale mfongo, mfereji mkuu unaoleta maji kutoka mlimani, unapogawanyika: mfereji wa kushoto ukielekea kwenye migomba arobaini nyuma ya nyumba, wa kulia ukishuka kwenye ekari mbili za mahindi. Jembe lake lilikuwa limekwisha kuzama kwenye udongo wa kulia. Alikuwa anaziba.

Wenseslaus, mgawa maji wa Kwafisi, aliyafuata maji hayo kwa baiskeli, saa ya mkononi imelegea kwenye kifundo chake. Alieleza kwamba zamu ya leo si masaa sita tena. Watu wa juu wamelima nyanya, wameweka pampu, malori yanawasubiri barabarani, na mto wenyewe umekonda tangu masika yalipokatika.

"Ni masaa matatu, meku," alisema, akitumia neno la mlimani la kumheshimu mzee. "Zamu ijayo labda wiki tatu. Labda uje uniulize kanisani."

Kornel aliongeza bonge la udongo kwenye kizibo.

Mahindi yalikuwa yamempita kichwa, na mbelewele zilichanua juzi. Lakini kufika saa nne kila siku majani yalijikunja yakawa membamba kama mkuki, na mengine ya chini yalishaanza kukauka. Hakuna mkulima asiyejua maana yake. Mahindi yanayokosa maji wakati wa kuchanua huzaa magunzi matupu. Ghalani kulikuwa na magunia mawili na nusu, na midomo ya watu sita ilikuwa inasubiri mwaka mzima.

Migomba nayo ilikuwa na mikungu kumi na mmoja. Wiki tatu bila maji, ingevunjika kiuno.

Kornel alikuwa mtoto wa pili kati ya wanaume watatu. Kwao Kibosho, juu mlimani, mtoto wa kwanza hupewa shamba, wa mwisho hurithi nyumba ya baba na kihamba, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Wa katikati huombewa heri. Mwaka themanini na tano aliteremka tambarare na panga, shoka na machipukizi manne ya migomba yaliyofungwa kwa gunia lenye maji. Watu walimcheka. Huko chini kulikuwa na migunga na fisi, ndiyo maana mahali penyewe pakaitwa hivyo. Alikata miiba hadi viganja vikawa vigumu kama gome. Salvina alimfuata mwaka uliofuata, mtoto mgongoni. Walikuwa nyumba ya kwanza. Sasa kulikuwa na nyumba kumi na tisa.

Lakini mama yake, bibi Hilda, hakuwahi kulala hata siku moja Kwafisi. Alikuja mara mbili, akanywa chai, akaangalia jua, akarudi mlimani. Mahali pasipo na migomba, alisema, si nyumbani, ni kambi. Na Jumapili iliyopita alituma ujumbe. Amesikia Beatha, mke wa mjukuu wake Valerian, amekaribia kujifungua. Atakuja kumwona kitukuu wake. Ndizi za mtori, supu anayonyweshwa mzazi, atabeba mwenyewe kutoka juu, maana anajua huko chini watu wanaishi kwa shida.

Ujumbe huo ulimwingia Kornel kama mwiba wa mgunga, ule unaovunjikia ndani. Mjukuu wa kwanza kuzaliwa ndani ya nyumba yake, na mama mtu alishwe ndizi za kubebwa kichwani? Tangu Jumapili alikuwa ameamua maji yataenda wapi.

Salvina alikuja kutoka bandani, mikono ikinuka samadi. Alikitazama kizibo, kisha akamtazama mumewe.

"Umeziba mahindi, Baba Valerian."

"Mahindi yatavumilia. Mvua inaweza kurudi."

Salvina aliingia mstari wa kwanza, akakata jani moja, akalikunja kiganjani. Lilivunjika kwa sauti. Alirudi na vipande, akavimwaga juu ya jembe.

Kornel alimweleza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya Wenseslaus, habari za mama yake. Alieleza habari za mtori. Alisema mtu hawezi kukaa mahali miaka ishirini na mitano akaendelea kuitwa mpita njia. Salvina alisikiliza mpaka mwisho. Maji yalikuwa yakiendelea kuingia kwenye migomba, yakimezwa na shimo la kwanza.

"Kule juu," alisema, "nani anakata mkungu?"

"Unajua nani."

"Nataka uniambie wewe."

"Mwanamke."

"Baba yako aliwahi kugusa mkungu wa mama yako bila kumwuliza?"

Kornel alicheka kidogo, bila kupenda. Habari ya siku baba yake alipojaribu ilisimuliwa hadi leo katika kila msiba wa ukoo.

"Basi hii migomba ni ya nani?"

Wenseslaus alijifanya anafunga mnyororo wa baiskeli.

"Umetaka hapa pawe kihamba," Salvina aliendelea. "Na mimi nakubali, pawe kihamba. Kahawa ni ya mume, migomba ni ya mke. Kahawa huna. Migomba ni yangu, nimeibebea samadi kwa kichwa hiki, na nimesema leo isinywe."

Kornel alitazama chini. Miaka ishirini na mitano alikuwa akiimwagilia migomba hiyo kama mtu anayeandika jina lake ukutani, na hakuwahi, hata siku moja, kumwuliza mwenye nayo.

"Mama atakuja aone nini?" aliuliza hatimaye.

"Ataona mahindi. Akisema tunakaa kambini, nitamjibu mimi."

Beatha alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, tumbo limemtangulia. Aliwaamkia shikamoo, Kornel akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Mimi hata uji wa mahindi naupenda, baba," alisema polepole, kisha akajificha tena ndani, kama aliyesema kupita kiasi.

Salvina alichukua panga. Alikwenda kwenye mgomba wenye mkungu mkubwa kuliko yote, akaweka kiganja kwenye shina lake, akakaa hivyo muda mfupi. Kisha akakata.

Sauti ya mkungu ulipoanguka ndiyo iliyomwamsha Kornel. Aliinamia kizibo, akakivunja kwa mikono, akasukuma udongo ule ule upande wa kushoto. Maji yalisita, yakazunguka, yakashuka kulia.

Walifanya kazi pamoja. Yeye alifungua mifereji midogo kwa jembe, Salvina alitangulia akiondoa majani makavu kwa vidole. Maji yaliingia mstari baada ya mstari, na udongo ulifanya sauti ya kunywa. Jua lilipanda. Mstari wa kumi. Wa ishirini na tano. Mbele bado kulikuwa na mistari tisa wakati Wenseslaus alipopiga mluzi, akaenda juu kufunga.

Maji yaliyobaki mferejini yaliendelea kutembea yenyewe, yakipungua nguvu. Yalilowesha mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne yalisimama, ukingo wake umebeba mbelewele zilizodondoka na sisimizi mmoja aliyekuwa akihangaika.

Kornel alichuchumaa upande mmoja, Salvina upande mwingine. Hawakuutazama mlima wala wingu lililokuwa juu yake. Waliutazama ukingo ule wa maji, uliotulia juu ya udongo wenye nyufa, ukitetemeka kidogo. Kisha ukasogea, upana wa kidole, ukasimama tena.