Togwa Siyo Rubisi

Mimi pombe sijaigusa tangu nizaliwe, na anayebisha aje tubishane. Lakini mwaka ule tulipoanza shamba la kijiji, Buganguzi nzima ilinijua kama mlevi.

Asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni nilikuwa natetemeka, jasho linanitoka, ulimi mzito. Siku moja shambani nilimtukana mwenyekiti wa kijiji, nikakaa kwenye mibuni nacheka peke yangu. Mimi sikumbuki, nilisimuliwa tu.

Dawa yangu niliigundua mwenyewe: togwa, yale maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajatiwa mtama yakachachuka kuwa pombe ya rubisi. Nikinywa kata moja, akili inarudi. Basi mama mkwe, Immakulata, akanifuma alfajiri nimeinamia mtumbwi wa kukamulia ndizi, nabugia. Akaona nilivyotulia.

"Huyu hatulii mpaka azimue," akamwambia mwanawe.

Apolinary, mume wangu, akasema nikilewa tena ananirudisha kwetu Maruku, na Anatolia wetu wa miaka mitatu anabaki. Niliumia, jamani. Mtoto alikuwa bado halali bila mimi.

Jumapili nikafunga kwa ajili ya komunyo, nikaanguka kanisani na degedege juu. Wakanikimbiza hospitali. Daktari Mujuni akanichoma maji ya sukari kwenye mshipa, nikaamka namuuliza yeye ni nani. Akamgeukia mama mkwe.

"Huwa anapona kwa kitu gani?"

"Kwa pombe."

"Ya siku ngapi?"

"Anakunywa siku ile ile tunayokamua."

"Inalevya?"

Mama mkwe ni mtengeneza rubisi wa siku nyingi, hapendi kuulizwa mambo ya kitoto. "Italevyaje, daktari? Hiyo ni togwa, hata watoto wanakunywa." Kisha akasikia mwenyewe alichosema.

Daktari akatueleza kwamba nyuma ya tumbo kuna kongosho, linalotoa insulini ya kushusha sukari mwilini. Huenda langu limeota uvimbe unaoimwaga bila kipimo, nami nikikaa na njaa ubongo unakosa chakula. Ugonjwa wa nadra, alisema, yeye ameusoma tu. Nikapelekwa Mwanza kwa meli. Wakaninyima chakula makusudi, wakapima damu, wakapasua. Uvimbe ulikuwa mdogo kama tunda la buni.

Apolinary alikuja nikiwa bado wodini.

"Baba Anatolia," nikamwambia, "kama umekuja kunirudisha kwetu, sema upesi."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, macho chini. "Nimekuja kuuliza kama utakubali kurudi kwangu."

Nilimwacha angoje. Jua lilishapanda, sijala tangu jana, na akili zangu zote ninazo. Hasira pia ninayo.

"Nitakujibu nikimwona mwanangu."

Akainuka, akafungua mlango. Mama mkwe alikuwa amesimama nje, amemshika mtoto mkono, haniangalii usoni. Akamwachia. Anatolia akaja mbio, nikamdaka, nikasahau kabisa kwamba nina mshono.